Modeli imegoma! Dalili na visababishi kwa wanaojifunza BIM hapa Lamu

Jamani hii nimewaandikia wanafunzi wa ujenzi na maalim wenzangu hapa Lamu, na wa Malindi inawahusu pia, manake taabu zinazoletwa darasani ni zile zile kila muhula: faili limekataa kufunguka, modeli haionekani, BQ, yaani orodha ya vifaa na vipimo vyake, imetoka na namba za ajabu, laptopu imeganda na kazi ya usiku kucha imepotea. Kwa aliye mgeni, BIM (Building Information Modelling) sio kuchora tu. Unalijenga jengo ndani ya kompyuta na kila kitu ndani yake kinajijua, ukuta unajua ni ukuta, una unene gani, ni wa jiwe gani, uko orofa ya ngapi, na hapo ndipo zinapotoka ramani, sekshen, ratiba na BQ, zote kwa modeli moja. Ndo utamu wake na ndo hatari yake pia, kwa sababu ukikosea kipimo mahali pamoja kosa linaenea kwa kila karatasi.

Jambo moja mlishike kabla hatujaingia ndani. Mushkila mwingi unaoonekana mwisho wa kazi umezaliwa siku ya kwanza, na umezaliwa kwenye mambo manne: toleo la programu, vipimo, mahali modeli ilipokaa, na levo za orofa. Mtu anabadilisha laptopu, anaformati, anamwita fundi wa kompyuta, na tatizo liko kwa dakika kumi za mwanzo alizozikimbia. Kwa hivo kila dalili hapa chini nitajaribu kuirudisha mpaka inapotoka.

Faili halifunguki, au limefunguka lakini kazi ya jana haimo

Umeletewa faili la Revit, programu ya BIM ya Autodesk, kwa flashi, unabonyeza, linakwambia limeseviwa na toleo jipya kuliko lako. Hapo usipoteze bando kutafuta dawa kwa YouTube. Revit haishuki. Faili la 2025 halifunguki kwa 2023, hakuna kitufe cha kulirudisha chini, na mbaya zaidi ni kwamba kinyume chake kinakubali: mwenye 2025 akifungua faili lako la 2023 programu inalipandisha, akisevu juu ya lile lile basi wewe mwenyewe umefungiwa nje ya kazi yako.

Tiba ni ya darasa zima, sio ya mtu mmoja. Mwanzo wa muhula mkubaliane toleo moja, liandikwe ubaoni, na liwe lile ambalo laptopu dhaifu kuliko zote inaliweza. Mwenye toleo la juu akitaka kuangalia kazi ya mwenzake asevu kwa jina jingine. Kama maji yameshamwagika, mwenye toleo jipya aekspoti IFC, ambayo ni muundo wa wazi wa kubadilishana modeli, ISO 16739, unasimamiwa na buildingSMART, na karibu kila programu ya BIM inausoma. Lakini mjue mnachopata: umbo na taarifa za jengo mtaziona, mtazipima, mtaziunganisha na modeli nyingine, ila kuendelea kuuvuta ukuta kama ulivyozoea hakutakuwa rahisi. IFC ni ya kukabidhiana, sio ya kuendelea kuchoria.

Na kama faili limefunguka lakini jana haimo, soma jina lake polepole. Ukiona mwisho wa jina kuna nambari kama .0003 hilo ni bakapu, Revit kila ukisevu inaweka nakala ya nyuma yenye nambari na faili halisi ni lile lisilo na nambari. Watu wanabeba bakapu kwa flashi wakidhani ndo kazi. Lakini msizifute ovyo hizo bakapu, kwa sababu stima ikikatika katikati ya kusevu na faili halisi likaharibika, hizo ndizo zinakuokoa, na wakati wa kulifungua tia tiki pale palipoandikwa Audit lijikague lenyewe kwanza.

Modeli haionekani, mistari inatetemeka, au nyumba imekuwa ndogo kama kiberiti

Hii ndo inayosumbua watu kuliko zote na ndo inayofundishwa kidogo kuliko zote, nitakaa hapa.

Dalili zinakuja kwa sura tofauti. Umelinki ramani ya seveya, yaani umeiunganisha kama faili la nje, skrini nyeupe, huoni kitu. Au unaiona lakini mistari iliyonyooka inacheza ukiisogeza, duara limekuwa na kona, hachi hazijai vizuri. Au programu imekwambia wazi kwamba kuna kitu kiko mbali mno. Sababu ni moja: koodineti, yaani namba zinazosema kitu kiko wapi.

Seveya anafanya kazi kwa koodineti za nchi. Sisi Lamu na Malindi tuko ukanda wa 37 kusini wa UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita, na kwa sababu tuko chini ya ikweta ule mfumo unaanza kuhesabu kaskazini kutoka milioni 10. Kwa hivo pembe ya kiwanja chako hapa mjini Lamu itasomeka kama mita 711,000 na kitu upande wa mashariki, na mita 9,749,000 na kitu upande wa kaskazini. Namba hizo ni sawa kabisa, seveya hakukosea. Lakini Revit inataka jengo likae ndani ya kilomita 16 kutoka kwenye sifuri yake ya ndani, yaani nukta inapoanzia kuhesabu, zaidi ya hapo hesabu zake zinapoteza usahihi, na wewe umeiletea kitu kilicho zaidi ya kilomita 9,000 mbali. Ndo maana inatetemeka. Kadi ya grafiki haina hatia.

Sasa usifanye kile wengi wanachofanya, kuikamata ramani yote na kuivuta kwa mkono mpaka karibu na sifuri, manake baada ya hapo koodineti zimekufa, na siku injinia wa maji au wa barabara akileta yake hamtakutana. Fanya hivi. Fungua ramani ya seveya kwa programu ya CAD kwanza, usafishe. Mara nyingi utakuta kuna nukta moja au mshale wa kaskazini ulioachwa pale sifuri kwenyewe, na huo peke yake unaifanya ramani iwe na urefu wa maelfu ya kilomita. Futa. Halafu kwenye Revit uilinki, usiiimpoti, uchague Center to Center ili katikati ya ramani ikae karibu na sifuri ya ndani, kisha utumie amri ya Acquire Coordinates uibonyeze hiyo ramani. Modeli inabaki karibu na sifuri ambapo hesabu ni safi, na papo hapo inajua anwani yake halisi duniani. Kwa wanaotumia Bonsai, programu ya bure ya BIM inayokaa ndani ya Blender, ile iliyokuwa inaitwa BlenderBIM mpaka 2024, kazi hiyo inafanyika kwenye sehemu ya jioreferensi, na kwa IFC4 taarifa hizo zinasafiri ndani ya faili lenyewe, yaani mashariki, kaskazini, kimo na mzunguko.

Kuna mtego mwingine wa huku kwetu. Ramani nyingi za Kenya ziko kwa datamu (msingi wa kuhesabia koodineti) ya Arc 1960 na za viwanja za zamani ziko kwa mfumo mwingine, Cassini, lakini simu yako na Google vinatumia WGS 84. Namba zinafanana sura, zote milioni tisa na kitu, kumbe kati ya Arc 1960 na WGS 84 kuna tofauti ya mita kama 300. Kwa mji wenye vichochoro kama Lamu hizo ni mitaa kadhaa, nyumba yako itaangukia kwa watu. Dalili yake ni kwamba kila kitu ndani ya modeli kiko sawa, vipimo sawa, pembe sawa, ila ukiiweka juu ya picha ya satelaiti haikai. Tiba ni kumuuliza seveya datamu yake na kugeuza kwa QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, sio kusukuma kwa jicho mpaka ikae.

Na ile ya nyumba kuwa ndogo kama kiberiti ni vipimo tu: ramani ilichorwa kwa mita, wewe umeisoma kwa milimita, nyumba ya mita 12 imekuwa milimita 12. Dawa yake ni tabia. Kila kinapoingia kitu kipya kwa modeli, kabla ya kugusa chochote, pima mlango mmoja. Mlango unaujua. Ukisoma 0.9 pale ulipotarajia 900, umeshapata jibu.

Jua linachomoza pabaya

Unafanya zoezi la kivuli na joto, na programu inakwambia kiwanda cha ndani, yaani ua wa nyumba, kina jua saa ambazo kila mtu mtaani anajua kina kivuli. Angalia kaskazini. Revit ina kaskazini mbili, ya mradi ambayo ni ya kukurahisishia kuchora karatasi ikae wima, na ya kweli ambayo ndo jua linaifuata, na mtu asiyeitengeneza ya kweli anapata majibu ya jengo la mahali pengine.

Hapa Lamu tuna kipimo kizuri ambacho hakuna programu itakupa. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu, imeinama kidogo tu magharibi, digrii mbili na nusu hivi. Kwa hivo kama kuna msikiti kwenye ramani yako, mihrabu yake itazame karibu juu kabisa ukiwasha kaskazini ya kweli. Ukiona mihrabu inatazama Shela au inatazama bara, simamisha kazi.

Kuta hazifungi, vyumba vinakataa kuhesabika, vipimo vya ndani na nje haviwiani

Nazungumza hasa juu ya wanaopewa nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani hapa Lamu kama zoezi, na wanafaa wapewe, mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na kila nyumba inayoanguka bila kupimwa imekwenda na elimu yake. Lakini programu hizi zilizaliwa kwenye nchi za kuta zilizonyooka. Ukianza kuchora inakupa ukuta wake wa kawaida mwembamba, kona ya digrii 90, na inakuvuta mistari ijipange yenyewe. Nyumba yetu ina ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wenye unene wa karibu nusu mita, haulingani juu na chini, na chumba chenyewe hakina kona hata moja ya 90.

Sababu ya kwanza: umepima ndani kwa futi kamba lakini kwenye modeli umechora kwa mstari wa katikati ya ukuta. Kwa ukuta mwembamba kosa ni dogo unalimeza, kwa ukuta wa nusu mita kila chumba kinakosa robo mita kila upande na mpaka ufike nyumba ya nne kwenye mtaa umeingia baharini. Kabla ya kuchora, uambie ukuta unachorwa kwa uso wa ndani. Tengeneza aina mpya ya ukuta yenye matabaka yake, plasta ya chokaa, jiwe, plasta ya chokaa, uipe jina linaloeleweka.

Sababu ya pili: hukupima milalo, yaani kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Mwanafunzi anapima urefu na upana anaondoka. Chukua chumba cha mita 6.00 kwa 2.60. Kingekuwa na kona za 90 sawasawa, kutoka kona hadi kona ni mita 6.54. Ukipima mlalo mmoja ukapata 6.62 na mwingine 6.46, chumba kimelala upande, na hakuna namna utakifunga kwa modeli kwa kutumia kona za 90, utabaki unavuta ukuta huku unafunguka kule. Milalo miwili kwa kila chumba, kila orofa, bila kusamehe. Na zima ule msaada wa kunyoosha mistari unapochora, manake unakurekebishia ukweli.

Sababu ya tatu iko juu ya kichwa chako. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya nyumba hizi, kwa sababu boriti inabeba mita mbili na nusu, tatu hivi, basi. Ndo maana msana na ndani, vyumba vya nyumba hizi, ni virefu na vyembamba. Ukiona kwenye modeli chumba cha zamani kina upana wa mita 4 na nusu na hakuna bimu wala tao katikati, usiamini modeli, rudi upime tena. Mwalimu anaweza kutumia hili kusahihisha kazi ya darasa zima kwa dakika chache.

Zidaka, yaani vijishimo vya kuwekea vitu ukutani, na nakshi msizitie kama madirisha. Nimeona kazi ambapo ukuta wote wa ndani una matundu ya kutokea upande wa pili kwa sababu zidaka zimewekwa kwa famili (kifaa kilichotengenezwa tayari kwenye Revit) ya dirisha. Tumia uwazi usiofika upande wa pili, uupe kina chake. Na nakshi ya mlango usiichonge yote kwa modeli, faili litakuwa zito na hakuna atakayeipima. Umbo la mlango, kipimo, jina la mti, na picha iliyolinkiwa, inatosha.

BQ imetoka namba za ajabu

Kabla ya kuilaumu programu, fanya ukuta mmoja kwa kalamu. Ukuta wa mita 5, kimo 3.2, unene 0.5, ni mita za ujazo 8.00. Una mlango wa mita 1 kwa 2.1, unatoa 1.05, unabaki na 6.95. Sasa soma modeli. Ikisema 8.00, mlango haukukata ukuta, umewekwa tu mbele yake. Ikisema 2.78, ukuta wako ni ule mwembamba wa milimita 200 uliokuja na programu, mlango umekata vizuri lakini aina ya ukuta hukuibadilisha. Ikiwa juu ya 8, kuna ukuta mwingine umelaliana nao, mara nyingi umechorwa mara mbili au umepanda mpaka orofa ya pili kwa sababu levo ya juu imefungwa pabaya. Kila namba inakuonyesha kidole mahali ilipotoka, ndo uzuri wake.

Boriti ni mtihani wake. Kwa kile chumba cha mita 6.00, ukizipanga kila sentimita 40 ukianzia sentimita 20 kutoka ukutani unapata 15. Modeli ikikupa sifuri, umezitengeneza kama kitu cha jumla na sio kama sehemu ya muundo, na hata ukiekspoti IFC zitatoka kama kitu kisichojulikana, ile inaitwa IfcBuildingElementProxy, na mtu wa BQ akichuja bimu hazioni. Badilisha kategoria ya famili, au ukiwa kwa Bonsai uipe darasa la IfcBeam. Modeli ikikupa 15 lakini urefu wa mita 2.60 kila moja, hapo kuna hasara ya pesa kabisa, manake 2.60 ni uwazi wa chumba, na boriti lazima ilale ndani ya ukuta pande zote mbili. Ukiipa sentimita 20 kila upande ni mita 3.00. Zikiagizwa za 2.60 zikafika hazina pa kulala.

Hapo hapo nitaje ratiba ya kazi iliyounganishwa na modeli, kwa kuwa wanafunzi wanaleta ratiba safi sana ambapo mawe, simiti na kokoto vinafika saiti siku ile ile vinapohitajika. Huku mzigo unavuka kwa chombo, mawe yanatoka Manda, unangoja maji yajae, halafu punda wanabeba kupitia kichochoro ambacho lori halijawahi kukiona. Kama ratiba yako haina hizo hatua kama shughuli zenye siku zake, programu haitaziongeza.

Migongano elfu na kitu

Umeendesha ukaguzi wa mgongano kati ya modeli ya jengo na ya muundo, imetoka orodha ndefu inakatisha tamaa. Usianze kurekebisha mmoja mmoja. Panga kwa aina. Utakuta nyingi ni boriti kugonga ukuta, na hizo ni lazima ziingie ukutani, sio kosa. Ziwekee kanuni zisihesabiwe, weka uvumilivu wa milimita kadhaa ili plasta isipige kelele, endesha tena. Zitakazobaki, kwa mfano bomba la choo linalopita katikati ya boriti, ndo za kukaa nazo chini na kuzijadili.

Laptopu inaganda, inachemka, inazima

Ukweli usiofichika ni kwamba RAM ya GB 4 haitoshi kwa kazi hii, 8 utasukuma sukuma kwa nyumba ndogo, 16 ndo unafanya kazi kwa raha. Lakini kabla mzazi hajauza kitu kununulia mashine mpya, safisha modeli. Famili za fanicha zilizopakuliwa mtandaoni zina uzito wa ajabu, kochi moja linaweza kuwa na nyuso nyingi kuliko jengo lote. Ramani za CAD zilizoimpotiwa na kulipuliwa ndani ya modeli ni sumu, zitoe uzilinki. Tumia Purge Unused kutoa visivyotumika. Funga madirisha ya muonekano usiyoyatumia. Soma orodha ya maonyo, watu huipuuza mpaka inafika mamia, na kila onyo ni hesabu ambayo kompyuta inaendelea kuifanya. Mkipiga picha za simu au skani mkapata wingu la nukta, lipunguzeni kabla ya kuliingiza, kwa kuta za matumbawe nukta moja kila sentimita ni nyingi mno tayari kwa mwanafunzi.

Joto na chumvi ya hewa yetu vinakula feni. Ikizima kila baada ya muda wa kazi nzito na ikiwa imetulia haizimi, feni imejaa vumbi na ute, isafishwe. Na kwa kompyuta za darasani UPS, betri ya akiba stima ikikatika, ni lazima, hata ndogo ya kukupa muda wa kusevu.

Leseni nayo inaweza kujifanya ugonjwa wa mashine. Leseni ya elimu ya Autodesk ni ya bure lakini ni ya mwaka mmoja, inafanywa upya, na inahitaji kuingia mtandaoni kujithibitisha, kwa hivo programu ikikataa kuwaka asubuhi ya mtihani angalia leseni na intaneti kwanza. Haitumiki kwa kazi ya kulipwa pia, vijana mlielewe hilo mapema. Mimi kwa darasa lisilo na intaneti ya uhakika naona FreeCAD na Bonsai ni bora, ni za bure moja kwa moja, hazimuulizi mtu leseni, FreeCAD ilifika toleo la 1.0 Novemba 2024 ikiwa na sehemu ya BIM ndani yake, na zote zinafanya kazi na IFC. Mwanafunzi aliyeelewa levo, matabaka na koodineti kwa FreeCAD atahamia Revit bila shida.

Kikundi kimefutiana kazi

Watu wanne, modeli moja, kila mmoja anaibeba kwa flashi, jioni wanatumiana kwa WhatsApp, na anayetuma mwisho ndo anabaki. Au wameweka faili kuu la Revit, lile la kufanyia kazi watu wengi pamoja, kwenye foleda ya Google Drive wakidhani wamelishirikiana, kumbe foleda za namna hiyo hazikutengenezewa faili kuu, zinazalisha nakala mbili mbili na kuharibu.

Kama hamna seva wala mtandao wa ndani, msishirikiane faili. Gawaneni modeli. Mmoja ana jengo, mwingine muundo, mwingine maji na stima, kila mtu ni bwana wa faili lake na ya wenzake anayalinki kwa kutazama tu. Koodineti zitoke kwa faili moja, wote wazichukue hapo. Mchague siku moja ya wiki ya kukutanisha, na siku hiyo faili zinapewa majina kwa utaratibu: mradi, mwenye kazi, orofa, aina, namba ya toleo. ISO 19650 ya 2018, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za BIM, imeeleza jambo hili kwa kirefu, kwamba taarifa iwe na hali yake, hii bado inafanyiwa kazi, hii imeshirikishwa, hii imekabidhiwa. Mkizoea majina hayo hamtaona tena faili linaloitwa faino mpya kabisa 2.

Picha ni nzuri lakini maswali hayajibiki

Hii mashine yako haitaionyesha, mwalimu ndo ataiona. Mwanafunzi analeta renda, picha ya modeli iliyopambwa, ya kupendeza, bahari nyuma, mnazi, watu wanatembea, ukimuuliza ukuta huu ni wa nini hajui, levo ya slabu iko wapi hajui, ukikata sekshen utakuta slabu inaelea na ngazi haifiki juu. Kisababishi mara nyingi ni sisi walimu, tunasahihisha karatasi iliyochapishwa na alama zinaenda kwa picha. Badilisheni mnavyosahihisha. Fungueni modeli mbele yake, mkate sekshen mahali ambapo hakutarajia, mwambieni apime kitu, atoe ujazo wa ukuta mmoja kisha auhesabu kwa kalamu. Na kabla ya hapo wapelekeni wakaguse jengo lenyewe, kuna ngome pale Mkunguni iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, kuta zake ni darasa tosha, mtoto aliyeweka mkono ndani ya kidirisha chake na kuona unene hawezi tena kuchora ukuta wa milimita 200 akaridhika.

Ukikwama baada ya yote hayo na unataka kuuliza, usilete "haifanyi kazi". Lete toleo la programu, lete faili na bakapu zake, lete skrinshoti ya onyo la kwanza kabisa sio la mwisho, sema ramani ya seveya iko kwa datamu gani na vipimo gani, na useme ulifanya nini mara ya mwisho kabla haijagoma.